Majina Yaliyo Nje ya Bahasha

Pune, Jumanne

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na muhogo wa kule mlimani, nguruwe pori wameuacha? Mimi mzima, ila pilipili za huku ughaibuni bado zinanishinda. Barua hii naituma kwenye simu ya mama, maana nikiituma kwenye sanduku lako la barua pepe itazama pamoja na nyingine.

Uliponipigia Jumamosi ulisema, "Limejaa, linakataa. Futa tu zote za zamani."

"Na za watu, Baba?"

"Watu gani? Kila siku wananiambia hawajajibiwa."

Mama akadakia kwa nyuma, "Afute! Huyu mzee anaongea na simu kuliko na mimi!"

Sikufuta. Nilitaka kwanza kujua ndani mna nini. Ulipowapa wanakijiji wa Lundo anwani yako moja waombee kazi na vyuo, ulifanya kama ulivyofanya na sanduku la posta la kanisa: moja kwa wote, nawe unasoma majina baada ya ibada. Ila humu bahasha ni maelfu, na nyingi ni matangazo.

Basi nikaandika programu. Ipo njia inayoitwa API, ambayo programu huzungumza na sanduku bila mtu kukaa mbele ya skrini. Ikiomba barua hupewa mia, pamoja na alama ya kuombea mia zinazofuata. Ule ujumbe uliokuuliza kama unaniruhusu, ukabonyeza "Ndiyo", ndio ulionipa ufunguo, nao hufa baada ya saa moja mpaka uombwe mwingine. Nilishangaa mashine kuwa na adabu namna hiyo.

Ningeweza kuomba ruhusa ya kusoma kila kitu. Nilitamani, Baba, sikufichi. Nikakumbuka siku nilipoinua bahasha ya mtu juani nione ndani, ukaninyang'anya: "Jina limeandikwa nje ili ulione. Yaliyobaki ni yake." Nikaomba vichwa vya barua tu: nani katuma, na mstari mmoja wa habari yenyewe.

Programu ikayatoa majina. La Edita, binti wa shangazi Magreti, lilikuwamo tangu wiki tatu zilizopita: kichwa kinasema chuo cha uuguzi kinamtaka athibitishe nafasi yake, mwisho Ijumaa. Edita huyu aliyekwisha acha kuuliza kama amejibiwa. Aliyeniambia, "Dada, mimi na usipa tumeshaoana."

Majina mengine nimeyaandika ukurasa wa pili. Hayo yasome Jumapili kama zamani. La Edita lisingoje ibada. Najua goti linauma, lakini saa hizi atakuwa mchangani anaanika samaki wake hao wadogo. Mfungulie sanduku, mpe simu mkononi, kisha geukia ziwani asome mwenyewe.

Nisalimie bibi, na kaka yangu wa malori ya makaa ya mawe kule Ngaka, aendeshe taratibu. Shangazi Magreti naye msalimie sana, ila usimdokeze kitu. Habari hiyo ni ya Edita kumpelekea.

Binti yako akupendaye,
Melania