Sikio la Kushoto

Jumamosi, 3 Oktoba 1998
Nimesafisha vichwa vya deki zote za kanda kwa pamba na spiriti. Vumbi la Nyahanga halina adabu. Sikio la kushoto linapiga mluzi toka jana. Bwana Karim, mwenye ukumbi wa disko ninakopiga muziki, kaleta kanda aliyotumiwa na mpwa wake aliyeko Uingereza. Dramu na besi. Anataka Jumamosi ijayo, wachimbaji wa Geita wakija, niichanganye na nyimbo zetu bila muziki kukatika. Nikiweza, ukumbi wake mpya wa Geita nausimamia mimi. Nimeisikiliza. Dramu zinakimbia kama zinafukuzwa na mgambo. Nimechoka kabla sijaanza.

Jumapili, 4 Oktoba
Disko toto. Nimeijaribu ile kanda. Ujanja wake nimeupata: dramu zinakimbia, ila besi inatembea, kwa hiyo rege ya polepole inaenda nayo bila taabu. Nikaweka kiganja kwenye spika, mapigo yamelingana. Nikajua nimemaliza kazi. Watoto wakaacha kucheza, wengine wakaziba masikio. Zawadi, anayekata tiketi, akaja mbio: "Kaka, nyimbo zinagombana."

Kumbe nilipoongeza spidi ya kanda, sauti nayo ilipanda, ikapishana na ya rege. Kosa la mtu anayeanza. Zamani ningelinasa mapema. Leo sikusikia kitu. Aibu tupu.

Jumanne, 6 Oktoba
Hospitali. Sikio la kushoto limekwisha. Nikiendelea kusimama kando ya spika, la kulia litafuata. Daktari kayasema hayo kama anataja bei ya sukari. Mke wangu, Mama Pendo, sijamwambia. Naogopa.

Alhamisi, 8 Oktoba
Amejua mwenyewe. Kaniita kula, yuko kushoto kwangu, mimi nimekaa tu kama gogo. Nikamweleza yote. Hakulia, hakugomba. Afadhali angegomba.

Mchana kanifuata ukumbini. Mke wangu anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia, sikio lake halidanganyiki. Mimi nalinganisha spidi kwa kiganja, yeye anasema "zinapatana" au "bado". Bado, bado, bado. Mwisho tukapata rege moja iliyokaa sawasawa. Nikafurahi kama mjinga.

Akaniuliza, "Baba Pendo, na hilo lililobaki likienda, mimi utanisikiaje?" Nimelala na hasira, sijui namkasirikia nani.

Jumamosi, 10 Oktoba
Nimepiga. Wachimbaji wamejaa, buti na matope yao. Nikaanza na rege, nikaingiza dramu chini kwa chini, nikaziachia zote. Ukumbi mzima ukaruka. Bwana Karim kanipiga bega, kanisemea sikioni, la kulia: "Geita yako, bwana."

Kila mtu mle ndani alisikia zimepatana, isipokuwa mimi niliyezichanganya. Ilibidi nimtazame Mama Pendo pale mlangoni. Akaniitikia kwa kichwa. Imeniuma kuliko maneno ya daktari.

Jumapili, 11 Oktoba
Nimerudisha funguo za ukumbi. Bwana Karim kanuna, halafu kaniagizia soda. Geita apewe mwingine. Nitafanya kazi gani, sijui.

Mchana niko nyumbani, jambo geni. Mama Pendo anaosha vyombo uani, anaimba sauti yake ya pili, bila wenzake. Nimegeuza kiti, sikio la kulia limwelekee.