Ngazi Ilivunjika, Haikuwa Mbovu

Mildura, Victoria
Jumapili, 14 Julai 2019

Mpendwa dada Lupe,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi hii ya machungwa. Hujambo? Na mama, magoti yake yanasemaje? Mimi mzima wa mwili, ila roho haitulii hata nikikaa.

Umeshasikia kwamba mdogo wetu Semisi alianguka akichuma machungwa, nyonga ikavunjika. Usichokijua ni kwamba nusura nimponze kwa ulimi wangu.

Mkaguzi wa kazi aliponihoji, nilimwambia kwa Kiingereza changu, "The ladder was broken." Nilitaka kusema ngazi ilivunjika akiwa juu yake. Kumbe nimesema ilikuwa imeshavunjika tangu mwanzo. Craig, msimamizi wetu, akalidaka hapo hapo. "Mnaona? Hata dada yake anakiri walijua ni mbovu, na bado akapanda." Shamba likagoma kumlipa fidia.

Heilala, mke wa mchungaji, ndiye aliyenifumbua macho. Sisi kwa Kitonga chetu cha visiwani tunatanguliza neno na'e, basi, jambo limepita, kitenzi kinabaki kilekile. Kwa Kiingereza kitenzi chenyewe hugeuka, tena kinavyotaka: break, broke, broken. Nikamuuliza mbona isiwe "breaked", kama "picked"?

"Kawaulize wenyewe," akasema. "Wewe kariri."

Nimekariri mpaka wachumaji wenzangu wananiita kasuku.

Alhamisi nikarudi kwa mkaguzi. Nikasema, "He was on it, and it broke," yaani alikuwa juu yake ndipo ikavunjika. Akauliza asubuhi ilikuwaje. Nikajibu, "Not broken," ilikuwa nzima.

"Huyu kafundishwa," Craig akasema.

"Ndiyo, nimefundishwa Kiingereza," nikamwambia. "Kuona niliona mwenyewe."

Mkaguzi akayasahihisha maelezo yangu ya kwanza. Kesho yake wakaichunguza ngazi, wakakuta mpasuko ni mpya. Semisi atalipwa.

Nilipompa habari hospitalini akacheka mpaka akashika ubavu. "Sasa mimi ni fell au fallen?"

"Wewe ni mgonjwa. Kunywa supu."

Akanywa. Kisha akanigeukia, akaniuliza taratibu kama atatembea tena bila kuchechemea. Daktari bado hajasema, dada. Nilimshika tu mkono.

Nisalimie mama, shangazi Vaisioa na mapacha wako. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, na Semisi amwekee wa pili.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
'Ilaisaane