Godoro Limekatwa Upande Wangu

Baba Yusra,

Nnakwenda kwa mama, Makunduchi. Wali umo chunguni, mchuzi wa pweza upashe moto kwanza. Mbao zako ziingize ndani, mvua ikija zitavimba.

~~Sirudi mpaka Jumatatu.~~ Ntarudi kesho jioni.

Asubuhi si trela iliyonikasirisha. Miezi minne unaunda hicho kijumba cha magurudumu hapo uani, nami naruka misumari na maranda, nshazoea. Lakini mtu nimalize kusali alfajiri, nikute umeshalikata godoro letu kwa msumeno ili litoshe humo, tena upande wangu!

Nakuuliza, unanijibu taratibu: "Si kila wiki unalala sakafuni kwa mama yako mgonjwa? Nakuundia wewe pa kulala, tukaiweke uani kwake."

Haroub, jambo kama hilo mtu huambiwa mapema! Nshapiga kelele, mtaa mzima umesikia. Uso niuweke wapi?

Haya, leo ntamwambia mama. Dirisha litoboe upande wa chumba chake, nimsikie akiniita usiku.

Mkeo,
Mama Yusra