Sauti ya Mama Kwenye Folda ya Kanisa

Jumatatu, 3 Machi

Nepi hazikauki. Huku kwetu Manga kote ni ukungu. Mtoto wangu Kwamboka amekataa kulala chini, yuko mgongoni hata nikiandika. Ana jina la mama yangu, aliyefariki kabla hajamshika. Ndiyo maana baba yake anamwita mama mkwe na kukataa kumbadilisha nepi. Eti mtu ataonaje uchi wa mkwewe. Mjanja huyo.

Evans wa vyombo vya sauti kanisani ametuma ujumbe. Folda ya rekodi, ile ya linki iliyo wazi kwa kila mtu, imejaa. Sabato ikiisha tu, anafuta. Mama aliimbisha darasa la watoto. Sauti yake iko humo tu, kwingine sina. Na faili zina namba, hazina majina.

Jumanne, 4 Machi

Nimepakua moja moja kwa simu. Simu imeganda. Baba Kwamboka kacheka: "Utafika Krismasi, mama."

Ameandika skripti kwenye laptopu. Maagizo mafupi tu: mashine ichukue faili zote za kwenye linki, moja baada ya nyingine, bila mtu kubonyeza. Akiandika hutoa ulimi kama mtoto wa nasari. Nampenda hivyo.

Jumatano, 5 Machi

Imemaliza hata chai haijachemka! Nimemkaangia mayai.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefungua. Hakuna wimbo hata mmoja. Faili zote zina uzito uleule, mwepesi.

Kumbe faili ikiwa kubwa, mtandao huuliza kwanza: ni kubwa, bado unataka kuipakua? Mtu angebonyeza ndiyo. Skripti haikujua kubonyeza. Imetuhifadhia swali, tena na tena.

Nimelilia kwenye karai la nepi. Nimemkasirikia baba Kwamboka. Nimejuta hadi mayai. Akavuta kiti, akaanza upya.

Ijumaa, 7 Machi

Sasa skripti inajibu lile swali. Faili zinaingia nzito, polepole. Jua nalo linashuka. Kwetu Wasabato likitua, Sabato imeingia, kazi chini.

Baba Kwamboka akaomba: "Si mimi nafanya kazi, ni mashine. Mama mkwe angeelewa."

Mama hangeelewa. Alikuwa anaacha hata sufuria bila kuoshwa. Nikaifunga laptopu mwenyewe. Nusu ya folda ilikuwa haijaingia.

Jumapili, 9 Machi

Folda haipo tena. Tumesikiliza tulizopata. Kwaya ya vijana. Mahubiri marefu. Kwaya ya akina mama. Faili ya mwisho, kelele za watoto, halafu mama: "Wewe wa nyuma, toa kidole puani tuimbe."

Ubeti mmoja. Wa pili unakatika katikati. Hapo ndipo nilipoifunga laptopu.

Sijutii. Huo wa pili naujua, nimeumalizia mimi. Kwamboka alikuwa ametulia, ananitazama mdomo.

Kisha akachafua nepi. Baba yake akainuka bila kuambiwa. Akamfungua huku anatazama dari.

"Samahani, mama mkwe."