Siri Niliyokuambia Jikoni

Iloilo, 9 Juni

Kaka Crisanto,

Mama amepona kikohozi, na nguruwe wetu amezaa saba.

Jumapili ulipokuja kutuhubiria, ulisoma barua ya Paulo kwa Warumi, kisha ukasema, "Humu yumo mwalimu anayelala na mwanamke mwenzake." Kwaya nzima ilinigeukia. Siri yangu na Ligaya nilikuambia wewe tu, jikoni, nikilia. Ukanishika mkono: "Nyamaza, dada. Mungu anakujua."

Ulipoondoka kurudi Manila hukuniaga. Mama alimshika Ligaya mkono mbele ya waumini wote. "Twende nyumbani, mwanangu, wali unapoa."

Krismasi Ligaya atakuwa mezani. Ukishindwa kukaa naye, Mama anasema ukalale kwa paroko.

Dada yako bado,
Remedios