Tu Wazima, Tuwazime

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina analofahamika nalo: Mama Pindo
Umri: Miaka 52
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Chumba cha nyuma ya duka lake la ushonaji, mtaa wa chini ya soko la nguo
Uhusiano na mtuhumiwa: Dada yake wa tumbo moja

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya mbele ya koplo, kwa hiari yangu, baada ya kuonywa kwamba kusema uongo ni kosa. Nimemjibu koplo kwamba sikuacha nguo za sikukuu za watu mezani ili nije hapa kudanganya. Kama ni kudanganya, ningebaki dukani nikawadanganya wateja kwamba nguo ziko tayari kesho.

Mtuhumiwa ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Mtaani wanamwita Blogu. Kazi yake ni kusahihisha maandishi ya watu kwenye nyumba ya uchapaji, na akitoka huko anakuja dukani kwangu kukaa kwenye kona ya pasi, kwa sababu umeme wa kwangu analipa dada mtu. Hapo ndipo anapoandikia blogu yake. Ana miaka tisa anaandika: siasa, desturi tunazoziacha na tunazoziokota, na kila sikukuu lazima aandike kitu. Wasomaji wake ni sisi ndugu na mashangazi, na wachache wengine wasio na kazi. Mimi nilikuwa nasoma ili asininunie.

Ninaelewa kwamba mdogo wangu yuko ndani kwa ajili ya neno moja, na kwamba neno hilo likichukuliwa kama lilivyosomeka, atashtakiwa kwa uchochezi. Nilikuwepo lilipotamkwa. Zaidi yake yeye, hakuna mwingine aliyelisikia ila mimi.

Mnamo tarehe 20 mwezi huu wa kumi na mbili, majira ya saa nane mchana, nilikuwa dukani nashona magauni ya watoto. Mdogo wangu alikuwa kwenye kona yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa na plasta ngumu hadi kwenye kiwiko, kwani wiki iliyotangulia alianguka kutoka kwenye stuli akinipachikia pazia, na lawama zote nikazibeba mimi. Kwa kuwa hawezi kuandika, alikuwa anaongea na simu na simu ndiyo inaandika. Nilimwambia, "Wewe ongea tu na hilo dude lako, mimi sizimi cherehani." Na kweli sikuzima. Cherehani yangu ni ya mota, ikikamata kitambaa kizito inapiga kelele kama mashine ya kusaga.

Alikuwa anaandika kuhusu taa. Halmashauri imetundika taa za sikukuu barabara kuu yote, na siku hiyo jioni ndiyo zilikuwa zinawashwa. Nakumbuka maneno yake kwa sababu aliyarudia mara nyingi, simu ilikuwa haimsikii vizuri. Alisema, "Kutoka kwenye mzunguko mpaka lango la halmashauri nimehesabu balbu mpaka nikachoka. Kwenye korido ya zahanati, pale mama alipokaa akisubiri, ipo moja, nayo inakonyeza." Hapo niliacha kushona kidogo. Mama yetu alifariki mwezi wa saba. Mimi siasa sizijui, lakini balbu ile naijua, nilikaa chini yake siku nzima nimemshika mama begani.

Kisha nikaendelea kushona, naye akamalizia. Alisema hivi: "Waheshimiwa wetu wanawasha taa. Na sisi, kama mama alivyotufundisha, tu wazima." Nilisikia kwa masikio yangu. Tu wazima. Maneno mawili.

Koplo ameniuliza ni kitu gani hicho. Nimemweleza kwamba hilo lilikuwa jibu la mama. Ukimpigia simu, ukimuuliza hali, ukimkuta mlangoni, jibu ni hilohilo, "Tu wazima." Alikuwa anaishi peke yake, sijui hao wengine walikuwa nani. Sisi watoto tulikuwa tunamtania, "Mko wangapi humo ndani, mama?" Naye anacheka. Mdogo wangu alitaka kufunga maandishi yake kwa sauti ya mama, basi.

Simu ikaandika "tuwazime".

Naye, msahihishaji wa kazi za watu, hakurudia kusoma. Alibonyeza, akasema, "Imeenda, dada," akalala kwenye kiti.

Majira ya saa kumi na mbili jioni alikuja mteja kuchukua gauni la mwanawe. Akanionyesha simu yake akasema, "Mama Pindo, huyu mdogo wako anataka vita?" Nikasoma. Waheshimiwa wetu wanawasha taa, na sisi, kama mama alivyotufundisha, tuwazime. Jamani! Mama yetu, mtu aliyekuwa akimwomba radhi kuku akimkanyaga, leo ndiye anafundisha watu kuzima wenzao. Nilimtikisa mdogo wangu nikamwambia, "Amka, uone ulichomfanyia mama."

Alipoona alicheka, tena alicheka mpaka akashika plasta yake. Akasema, "Simu hii ina siasa kali kuliko mimi." Nami nilicheka, siwezi kukataa. Nikamwambia arekebishe. Akachukua simu kwa mkono wa kushoto, akaanza, halafu akaacha.

Sehemu hii inayofuata, wifi yangu, yaani mke wake, aliniomba niiruke. Alikuja dukani leo asubuhi kabla sijafungua mlango vizuri. Alisema, "Wifi yangu, sema alivyotamka. Simu imekosea, cherehani ilikuwa inapiga kelele. Hapo panatosha. Mengine hayajakuulizwa." Alikuwa amevaa kanga ndani nje. Sikumwambia. Nilimpa uji akanywa, akaondoka akijua nimemkubalia, kwa sababu nilinyamaza.

Mdogo wangu aliacha kurekebisha kwa sababu aliona idadi ya waliosoma. Ilikuwa imepita elfu mbili. Alinigeuzia simu akasema, "Dada, tazama. Miaka tisa." Nilimwambia, "Hilo siyo neno lako. Hilo ni neno la mama, na simu imeliharibu." Akasema, "Najua. Niachie mpaka kesho asubuhi tu. Wakishakuja kwa hilo moja, watasoma na ile sehemu ya balbu." Nikamwambia ni ujinga. Akasema, "Nani atamzima nani, dada? Watu wanajua ni utani." Mimi nilikuwa na magauni matano hayajatiwa vifungo. Nikasonya, nikarudi kwenye cherehani. Neno likabaki vile lilivyo.

Majira ya saa mbili usiku taa ziliwashwa. Dukani kwangu mwanga unafika kwa mbali, nikaona ukuta umekuwa wa rangirangi. Haukupita muda nikasikia kelele, watu wanakimbia, mwanga ukapungua kipande kimoja kimoja. Mpita njia alisema vijana wanapiga balbu mawe huku wakiimba "tuwazime, tuwazime". Mdogo wangu alisimama wima. Alichukua simu akarekebisha pale pale kwa mkono wa kushoto, akakosea mara mbili kabla ya kupatia. Alikuwa analia. Alisema, "Dada, nimefanya nini?"

Baadaye tulisikia kwamba mlinzi wa halmashauri alipigwa na kipande cha balbu kwenye jicho. Mlinzi huyo namfahamu, sare yake nimeipunguza kiuno mimi mwenyewe, mtu mpole, kila akipita lazima asalimie mpaka cherehani. Jana nilikwenda kumwona. Amefungwa bandeji jicho la kushoto na madaktari hawajasema kama litaona. Aliniuliza, "Ni kweli mdogo wako ndiye aliyewatuma?" Nikamwambia hakuwatuma. Akasema, "Basi nashukuru." Alinishukuru, koplo. Nilitoka pale nikashindwa kuvuka barabara.

Koplo ameniuliza kwa nini namsemea ndugu yangu mambo yanayomwumiza, ilhali nimekuja kumtetea. Amesema anaweza kuandika sehemu ya kwanza tu, kwani ndiyo aliyoniitia. Namshukuru kwa ubinadamu wake. Jibu langu ni hili. Mama alianza kuumwa mwezi wa tatu. Kila tulipompigia simu, alisema tu wazima. Hakudanganya kwa ubaya, hakutaka tuache kazi zetu, na sisi tulifurahi kusikia hivyo kwa sababu tulikuwa na kazi nyingi. Mimi ni mwanamke mtu mzima, nilisikia sauti ya mama imekonda kwenye simu, nikaamua kusikia maneno tu. Tulipokwenda kumchukua alikuwa hawezi kujifunga kanga. Balbu ile haikumwua mama. Mdogo wangu anajua, ndiyo maana anaandika sana juu yake.

Kwa hiyo nasema yote mawili. Mdogo wangu hakutamka neno lile, na hakutaka mtu yeyote aumie. Hilo naapa. Na alipoliona aliliacha kwa saa mbili kwa sababu alifurahi kusomwa. Hilo pia naapa. Mnaojua sheria mtaona yanapimwa vipi. Mimi ninachojua ni kwamba nikisema la kwanza tu, mlinzi yule atakuwa ameshukuru bure.

Nikiwa kwenye benchi la nje kabla ya kuitwa, walimpitisha mdogo wangu kwenye korido. Aliniuliza, "Umewaambia?" Nikamwambia bado, ndiyo naingia. Akasema, "Sema yote, dada. Na ya saa mbili zile." Kisha wakaondoka naye. Nimelieleza hili ili ijulikane kwamba simfichi wala simsaliti.

Niko tayari kuyarudia haya mahakamani, hata kama wifi yangu atakaa mbele yangu ananitazama.

Niliyoyajua nimeyasema, sikubakiza kitu.

Sahihi ya shahidi: (ameweka sahihi kwa mkono wake)

UTHIBITISHO WA MWANDISHI WA MAELEZO

Maelezo haya nimeyaandika mimi na kumsomea shahidi, naye amekiri kuwa ni sahihi. Ameyatoa bila kulazimishwa, akiwa na akili timamu. Kwa utaratibu, niliongeza maneno "na mzima wa afya". Shahidi alikataa kuyatilia sahihi. Alisema siku hizi akiulizwa hali anajibu kweli, na leo si mzima, ameshindwa kula tangu jana. Maneno hayo nimeyafuta mbele yake, nikamletea maji, tukasaini wote wawili.

Koplo, zamu ya mchana