Milango Iliyopinda na Hundi ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Kesi imeahirishwa — tena! Eti jalada halionekani. Nimekaa kizimbani na vibaka, mimi fundi wa milango. Na kisa? Nilimpa shemeji hundi iwe dhamana ya mbao zake. Tulikubaliana aifungie kabatini mpaka wateja wanilipe. Kumbe mbao ni mbichi, milango ikapinda, wateja wakanirudishia yote. Nikamwambia hapati kitu mpaka alete mbao kavu. Kesho yake kaipeleka hundi benki. Ikarudi, akaunti haina kitu, ingefanyaje? Akaenda polisi. Mume wa dada yangu wa damu!

Jumatano, 5 Machi
Dada kapiga simu. Analia, eti nimlipe tu mumewe yaishe. Nimemkatia. Roho inaniuma.

Jumatatu, 10 Machi
Wakili wangu ananieleza: habari ya mbao iko kwa msuluhishi, ndiye atakayeamua nani amlipe nani, habari ya hundi iko kwa hakimu, na hakuna anayemsubiri mwenzake. Nikauliza, hundi si ya mbao hizo hizo? Ndiyo. Sasa? Akakohoa. Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse mimi.

Alhamisi, 13 Machi
Leo kwa msuluhishi. Nimebeba mlango mmoja na fremu yake. Msuluhishi kausukuma, haufungiki. Kausukuma kwa bega — wapi! Akacheka. Shemeji hakucheka. Nikajiona nimeshashinda.

Kisha akauliza kama shemeji alijua hundi haina fedha. Nikasema alijua sana! Nilimwambia naiandika huku akaunti ni tupu, asithubutu kuipeleka benki. Msuluhishi akaridhika: basi ilikuwa dhamana, si malipo. Wakili akanikanyaga mguu. Mdomo wangu huu!

Koridoni wakili akaninong'oneza: maneno hayo yanakuokoa humu, kwa hakimu yanakufunga. Uliandika hundi ukijua hakuna kitu, na hilo ndilo kosa lenyewe. Nikamwambia lakini ndiyo kweli. Akasema hiyo kweli ndiyo inayomtia hofu.

Sasa maelezo yangu yamechapwa, yako mbele yangu. Nisipotia sahihi, yanafutwa, hundi inahesabiwa malipo, nazilipia mbao zote na karakana inakwenda. Nikitia, shemeji anaondoka na nakala, moja kwa moja mahakamani. Wakili anatazama dari. Naandika haya kwa kalamu ya shemeji, kanisogezea mwenyewe. Anatabasamu. Eti saini tu, shem, si umesema kweli?

Nimesoma mara tatu natafuta kosa. Hakuna neno la uongo hata moja. Msuluhishi anauliza kama niko tayari —